Kwa Nini Hospitali Moja Hustawi na Jirani Yake Huzama Katika Madeni

Katika miji ya magharibi mwa Kenya si jambo geni kukuta hospitali mbili zinazotenganishwa na barabara moja tu, ambazo wagonjwa wake hutoka vijiji vilevile, huugua malaria, nimonia na shinikizo la damu, na hugharimiwa na bima kwa viwango vilivyochapishwa katika gazeti rasmi lilelile la serikali, na bado moja ikawa inajenga wodi mpya ilhali nyingine haijalipa mishahara kwa miezi mitatu. Maelezo yanayotolewa sokoni na ndani ya matatu huwa mepesi: hii ina wafadhili kutoka ng'ambo, ile wakubwa wameila, hawa nao wanatoza ghali. Kila elezo lina chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja linalofikia kiini. Anayeifuatilia shilingi tangu mgonjwa anapoandikishwa mapokezi hadi pesa zinapoingia katika akaunti ya hospitali atagundua kwamba mambo mawili huamua hatima ya hospitali kuliko bei na kuliko wingi wa wagonjwa: nani analipa, na analipa lini.

Inafaa kwanza tukubaliane kuhusu maana ya kufaulu kifedha, kwa sababu hospitali za umma, za makanisa na za binafsi haziwezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Ya binafsi inatakiwa kumrudishia mwenyewe mtaji wake pamoja na faida. Ya kanisa inatakiwa kubakiza ziada ya kutosha kununua mashine ya eksirei pale ya zamani inapokufa. Ya kaunti iko katika hali ya pekee, kwani mishahara ya wengi wa madaktari na wauguzi wake hulipwa moja kwa moja na serikali ya kaunti, na hivyo gharama iliyo kubwa kuliko zote haionekani katika hesabu zake za kila mwezi. Kwa sababu hiyo, mtu anayesema kwamba hospitali fulani ya rufaa "inaingiza pesa nyingi kuliko ya misheni" analinganisha vitu visivyolingana. Katika makala haya, hospitali iliyofaulu ni ile inayowalipa wafanyakazi na wauzaji wa dawa kwa wakati, inayotengeneza kilichoharibika, na ambayo itakuwa ingali imefungua milango mwaka ujao bila kwenda kuombaomba.

Tuanze na hesabu ambayo kila msimamizi wa hospitali huifanya, hata kama haiandiki popote. Sehemu kubwa ya gharama za hospitali haipungui wagonjwa wanapopungua. Muuguzi wa zamu ya usiku hulipwa awe na wagonjwa watatu au kumi na watatu. Jenereta hununuliwa dizeli, mtaalamu wa maabara hukaa kituoni, leseni hulipiwa, na mlinzi hukaa langoni. Hospitali inafanana na matatu ya Kisumu kwenda Kakamega, ambayo petroli yake ni ileile ikiwa imejaa au ikiwa na abiria wanne.

Chukulia mfano wa hospitali ndogo ya vitanda 40 ambayo gharama zake zisizobadilika ni shilingi 2,400,000 kwa mwezi. Ikiwa kwa wastani vitanda 20 ndivyo vyenye wagonjwa, basi katika siku 30 kuna siku 600 za kitanda, na kila moja inabeba mzigo wa shilingi 4,000. Ongeza shilingi 600 za dawa, chakula na vifaa, na kila siku ya mgonjwa mmoja inagharimu 4,600. Kama mlipaji hutoa shilingi 3,300 kwa siku, hospitali inapoteza 1,300 kila siku kwa kila kitanda, yaani shilingi 780,000 kwa mwezi. Sasa chukulia hospitali hiyohiyo, ikiwa na wafanyakazi walewale, imejaza vitanda 34. Siku za kitanda zinakuwa 1,020, mzigo wa kila siku unashuka hadi karibu shilingi 2,350, na baada ya kuongeza zile 600 kunabaki ziada ya takribani shilingi 350 kwa siku. Hasara ya shilingi laki saba na zaidi imegeuka kuwa ziada ya laki tatu na nusu hivi, bila bei kupanda hata senti na bila mfanyakazi yeyote kupunguzwa.

Ndiyo maana hospitali mpya inayofunguliwa Nakuru au Bungoma katika jengo la kuvutia la vitanda 100 inaweza kufa ndani ya miaka miwili, huku zahanati iliyokua polepole, kitanda baada ya kitanda, ikiwa imara. Kujenga kupita mahitaji ni kujifunga mzigo ambao hakuna bidii ya wauguzi itakayoutua. Lakini mfano wangu una tundu moja kubwa: nilidhani kwamba kila kitanda chenye mgonjwa kina mlipaji. Hapo ndipo hospitali nyingi za huku kwetu zinapoteleza.

Kisumu inatoa ushahidi wa wazi kuliko mahali pengine popote nchini. Tarehe 13 Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua mjini humo mpango wa majaribio wa Afya kwa Wote, uliohusisha kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Ada katika hospitali za umma za kaunti hizo ziliondolewa, na serikali ya kitaifa ikaahidi kufidia pengo hilo, sehemu kubwa ya fidia ikija kwa njia ya dawa na vifaa kutoka KEMSA, shirika la serikali la kununua na kusambaza dawa. Wagonjwa walifurika, wakiwemo wa kutoka kaunti jirani ambazo hazikuwa kwenye mpango. Kwa macho ya mpita njia, hospitali zilikuwa zimestawi. Katika vitabu vya mhasibu, chanzo cha pesa taslimu ambacho msimamizi alikitumia kumlipa kibarua wa usafi, kununua glavu zilipoisha ghafla au kumwita fundi wa friji ya damu kilikuwa kimekauka, kwa kuwa dawa za KEMSA haziwezi kumlipa fundi. Lengo la mpango lilikuwa jema, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mgonjwa maskini hapaswi kudaiwa pesa mlangoni. Lakini wodi iliyojaa na kasha tupu vinaweza kukaa pamoja, na anayeondoa ada ana wajibu wa kujaza nafasi yake kwa wakati na kwa sura ambayo hospitali inaweza kuitumia.

Nani analipa, basi? Jibu hutegemea uchumi wa mji. Naivasha, katika Kaunti ya Nakuru, kuna mashamba ya maua na mitambo ya mvuke ya Olkaria, na maelfu ya watu huko hupokea mshahara ambao bima hukatwa kabla haujafika mkononi. Hospitali iliyo karibu na watu kama hao hupata wagonjwa ambao mlipaji wao anajulikana tangu mapokezi. Sasa tazama Webuye, ambako kiwanda cha karatasi cha Pan African kilifungwa mwaka 2009, au Mumias, ambako kampuni ya sukari iliwekwa mwaka 2019 chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wadai kampuni inaposhindwa kulipa madeni. Kiwanda kinapofungwa, mshahara hukatika, na mshahara unapokatika, bima hukatika vilevile. Mkulima wa miwa ambaye hajalipwa hana cha kulipa hospitalini. Wagonjwa hawapungui, pengine huongezeka, lakini msimamizi wa hospitali katika mji wa namna hiyo hana kosa lolote ikiwa hesabu zake zinakonda. Ninalisisitiza hili kwa sababu bodi nyingi humfukuza msimamizi kwa hasara iliyosababishwa na kufungwa kwa kiwanda.

Katika miji mingi ya magharibi isiyo na viwanda, tegemeo kuu ni walimu, polisi na wafanyakazi wa kaunti. Hospitali inayokubaliwa katika mpango wa matibabu wa walimu hupata wagonjwa wa uhakika, ilhali jirani yake asiyekubaliwa huwaona walimu haohao wakipita nje ya geti lake. Hospitali za binafsi zilizo katika kundi lenye matawi Nairobi, Nakuru, Kisumu na Eldoret huwa na nguvu zaidi mezani zinapojadiliana bei na kampuni za bima, kwa kuwa kila kampuni ya bima inazihitaji katika miji yote minne. Jambo hili si la Kenya peke yake. Mwaka 2016 watafiti Ge Bai na Gerard Anderson walichapisha uchunguzi wa hesabu za mwaka 2013 za hospitali zaidi ya 3,000 za Marekani, wakaona kwamba zaidi ya nusu zilikuwa zinapata hasara katika kuwahudumia wagonjwa, na kwamba zilizopata faida kubwa zilihusishwa na bei za juu, kuwa ndani ya kundi la hospitali, na kutawala eneo lao. La kushangaza zaidi, saba kati ya kumi zilizoongoza kwa faida zilikuwa zimesajiliwa kama mashirika yasiyotafuta faida. Usajili haukuwa umezuia chochote. Nguvu ya kupanga bei ndiyo iliyofanya kazi.

Huku kwetu nguvu hiyo ni ndogo, kwa kuwa mlipaji mkubwa ni mmoja na viwango amevipanga yeye. Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilivunjwa, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo kila mtu huiita SHA. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hukadiriwa uwezo wa kaya yake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Mwendesha bodaboda wa Kondele au muuza samaki wa Dunga anayepata pesa za siku kwa siku huona ugumu kuukusanya mchango huo mara moja, na asipolipa, huja hospitalini akiwa amesajiliwa lakini hana mafao ya kulazwa. Kwa hospitali, mtu huyo ni mgonjwa wa pesa taslimu, na mara nyingi pesa taslimu hana.

Sasa tuje kwenye swali la pili, la lini, ambalo naliona kuwa zito kuliko la kwanza. Mama anapojifungua kwa upasuaji, SHA hulipa shilingi 30,000. Anapojifungua kwa njia ya kawaida hulipa 10,000. Viwango hivyo ni vilevile kwa hospitali hii na ile. Lakini shilingi 30,000 zinazofika baada ya wiki nne si sawa na 30,000 zinazofika baada ya miezi minane, na zile zisizofika kabisa kwa sababu dai limerudishwa ni hasara kamili, maana nyuzi, ganzi, dripu na saa za wauguzi vimekwisha kutumika.

Keti kidogo kando ya karani wa madai katika hospitali ya wastani, Ijumaa alasiri. Mbele yake kuna faili la mama aliyeruhusiwa kwenda nyumbani asubuhi. Ili dai lipite, lazima utambulisho wa mama uwe umethibitishwa kwenye mfumo alipolazwa na alipotoka, idhini ya upasuaji iwe iliombwa, na faili liwe na maelezo ya upasuaji yenye jina, sahihi na nambari ya usajili ya daktari, pamoja na muhtasari wa matibabu unaotaja ugonjwa kwa msimbo sahihi. Karani anafungua ukurasa wa maelezo ya upasuaji na kukuta mistari miwili bila sahihi. Daktari aliyepasua alikuwa wa muda, aliitwa usiku, akamaliza kazi yake salama, na alfajiri akaondoka kwenda zamu nyingine Bungoma. Karani anampigia simu, hapokei. Faili linawekwa kwenye rundo la yale yanayosubiri. Jumatatu kuna mafaili mengine 20, na lile la Ijumaa limefunikwa.

Hakuna mtu aliyeiba kitu hapo, na mama na mtoto wake wako salama. Hata hivyo hospitali imepoteza shilingi 30,000, na ikiwa jambo hilo linatokea kwa dai moja katika kila matano, basi hospitali hiyo inafanya kazi siku moja kati ya tano bila malipo. Hospitali zinazostawi zimelitambua hili. Zimemweka karani wa madai ndani ya wodi badala ya ofisi ya nyuma, humkagulia mgonjwa faili kabla hajashuka kitandani, na hazimlipi daktari wa muda mpaka ameandika na kutia sahihi. Mabadiliko hayo hayahitaji mfadhili wala mashine, yanahitaji msimamizi mwenye msimamo ambaye haogopi kumwambia daktari bingwa kwamba kazi yake haijaisha.

Kuchelewa kwa malipo yenyewe, hata dai likiwa safi, hakumo mikononi mwa hospitali. NHIF ilipofungwa iliacha deni la zaidi ya shilingi bilioni 30 kwa hospitali kote nchini. Mnamo Februari 2025 hospitali nyingi za binafsi zilianza kuwadai pesa taslimu wagonjwa wa SHA, na Machi mwaka huohuo Rais William Ruto akatangaza kwamba hospitali zilizokuwa zinaidai NHIF chini ya shilingi milioni 10 zilipwe zote, ilhali madai ya zile zinazodai zaidi yakaguliwe kwanza. Hospitali zenye wagonjwa wengi wa bima ndizo zilizokuwa zimekopesha zaidi, na kwa hiyo ndizo zilizotakiwa kungoja.

Kungoja kuna bei yake. Hospitali yenye pesa huagiza dawa na kulipa papo hapo, na muuzaji huipunguzia. Isiyo na pesa huchukua kwa mkopo wa siku 90, na muuzaji, ambaye anajua historia yake, hupandisha bei ili kujikinga. Ikishindwa kulipa baada ya siku hizo 90, muuzaji huyo husitisha, na hospitali hulazimika kununua kidogokidogo kutoka duka la dawa la mtaani kwa bei ya rejareja. Ndiyo maana hospitali mbili zinazolipwa kiwango kilekile kwa tiba ileile huwa na gharama tofauti kabisa. Makanisa yalijaribu kulitatua tatizo hili mapema: mwaka 1986 Wakatoliki na Waprotestanti walianzisha kwa pamoja shirika la MEDS la kununua dawa kwa wingi na kuzigawa kwa vituo vyao na vingine. Lakini hata bei nzuri ya MEDS inamsaidia tu yule aliye na cha kulipia.

Dawa zinapokosekana, hasara nyingine huanza, nayo inaonekana kwa macho. Simama nje ya geti la hospitali yoyote kubwa ya umma katika eneo hili na uhesabu maduka ya dawa, maabara ndogo na vibanda vya kupiga picha ya eksirei vilivyojipanga ng'ambo ya barabara. Dirishani ndani ya hospitali mgonjwa huambiwa, "Hii haipo, nenda ukanunue nje," na kipande cha karatasi huvuka barabara pamoja naye. Kila karatasi inayovuka ni mapato ambayo hospitali ilikuwa na haki ya kuyapata, kwa kuwa daktari wake ndiye aliyempima mgonjwa huyo na kuandika dawa hiyo. Famasi na maabara ndivyo vitengo vinavyobeba vitengo vingine katika hospitali nyingi, kwani wodi ya watoto na chumba cha majeraha mara chache hujitosheleza. Famasi ikikauka, hospitali hubaki na vitengo vya gharama na kupoteza vya mapato.

Kwa miaka mingi hospitali za umma zilikuwa na sababu ya kutojali. Baada ya huduma za afya kuhamishiwa kaunti mwaka 2013, katika kaunti nyingi kila shilingi iliyokusanywa hospitalini ilipelekwa katika mfuko mkuu wa mapato ya kaunti, na kurudi kwake kulitegemea bajeti, siasa na subira. Muuguzi mkuu aliyebana matumizi na kukusanya vizuri alitazama pesa hizo zikienda kulipia barabara. Sheria ya kuboresha ufadhili wa vituo vya afya, iliyotiwa sahihi Oktoba 2023 pamoja na ile iliyoanzisha SHA, inaruhusu kituo cha umma kubaki na pesa kinazokusanya na kuzitumia. Kwa maoni yangu hii ndiyo sheria iliyozungumziwa kidogo kuliko ilivyostahili, kwani inagusa kila dirisha la malipo. Kukomesha malipo ya mkononi na kuweka malipo ya simu kulikuwa kumeanza mapema katika kaunti kadhaa, lakini kuziba mianya huwa na maana zaidi pale aliyeziba anapoiona pesa hiyo ikinunua dawa zake mwenyewe.

Vifaa navyo vina hadithi yake, na ni ya kusikitisha. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha mashine kwa ajili ya hospitali 98 katika kaunti zote 47: mashine za eksirei, za chumba cha upasuaji, za wagonjwa mahututi na za kusafisha figo. Kila kaunti ilikatwa shilingi milioni 95 kwa mwaka, kiasi ambacho baadaye kilifika milioni 200. Mahali palipokuwa na umeme wa kutosha, maji safi na wataalamu, mashine za kusafisha figo ziliwaokoa watu ambao zamani wangesafiri hadi Nairobi au Eldoret. Mahali pengine mashine zilikaa ndani ya maboksi kwa sababu hapakuwa na mtaalamu wa kuzitumia, huku kaunti ikiendelea kukatwa. Mashine haileti mapato, mashine ikiwa na mtu aliyefunzwa ndiyo huleta. Msimamizi anayestawi humtafuta mtaalamu kwanza, kisha mashine.

Yapo mambo mengine yanayotofautisha hospitali, ambayo nitayapitia kwa haraka. Umeme ni mmojawapo wa mizigo mikubwa, na hospitali ya Tenwek huko Bomet ilijipunguzia mzigo huo tangu miaka ya 1980 kwa kujenga mtambo wake mdogo wa umeme wa maji. Migomo huhamisha wagonjwa: katika siku 100 za mgomo wa madaktari kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, hospitali za misheni na za binafsi zilielemewa na wagonjwa ambao kwa kawaida wangekwenda za umma, na baadhi yao hawakurudi tena kule walikotoka. Mochari, ambayo watu hawapendi kuitaja, ni chanzo cha uhakika cha pesa taslimu katika eneo ambalo familia huhifadhi mwili wa marehemu wiki moja au mbili ili ndugu walio mbali wafike mazishini. Hospitali inayotegemea chumba hicho kuliko wodi ya uzazi inapaswa kujiuliza imefikaje hapo, na ile inayozuilia mwili kwa sababu ya bili inawaongezea wafiwa msiba juu ya msiba kwa ajili ya deni ambalo mara nyingi halitalipwa.

Namna ya kulipwa nayo hugeuza mwenendo. Anayelipwa kwa siku ya kitanda hana haraka ya kumruhusu mgonjwa, lakini anayelipwa kwa tiba nzima hufaidika mgonjwa anapopona upesi. Marekani iliposhika njia hii ya pili kwa wazee wenye bima ya serikali mwaka 1983, siku za kulazwa zilipungua waziwazi. Kwa kiwango cha SHA cha upasuaji wa uzazi, mama anayetoka siku ya tatu akiwa salama humwachia msimamizi ziada, ilhali yule ambaye kidonda chake kimeingia usaha na akakaa siku kumi humtia hasara. Kwa hiyo usafi wa chumba cha upasuaji, sabuni na maji ya bomba ni mambo ya kifedha pia, na hapa ndipo maslahi ya mgonjwa na ya mhasibu hukutana kwa uzuri. Lakini tofauti ile ya 10,000 na 30,000 inaweza vilevile kumshawishi mtu asiye na dhamiri kumpasua mama ambaye hakuhitaji kupasuliwa, na hospitali ambayo idadi yake ya upasuaji inapanda bila maelezo ya kitabibu isisifiwe kwa mapato yake.

Mfano wa kufaulu ambao mimi huurudia zaidi ni wa India. Mwaka 1976 Dkt. Govindappa Venkataswamy, akiwa amestaafu, alifungua mjini Madurai hospitali ya macho yenye vitanda 11, iitwayo Aravind. Aliligawa tendo la kuondoa mtoto wa jicho katika hatua, akawafunza wasichana wa vijijini kufanya kila kazi isiyohitaji daktari, na daktari akabaki na kupasua tu, mgonjwa mmoja baada ya mwingine. Gharama ya kila jicho ilishuka sana, kiasi kwamba wanaolipa waliweza kuwabeba wengi wanaotibiwa bure au kwa ada ndogo, na bado hospitali ikabaki na ziada. Baadaye, mwaka 1992, ikaanzisha kiwanda chake cha lenzi za kuweka ndani ya jicho. Huku kwetu, Hospitali ya Macho ya Sabatia katika Kaunti ya Vihiga imejikita katika kiungo kimoja vilevile. Upekee wa aina hii hurahisisha hesabu kwa kuwa vifaa ni vichache, kazi inajulikana, na dharura za usiku ni chache.

Hospitali ya rufaa haina anasa hiyo. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura, na hilo ndilo linaloitenganisha hospitali iliyo kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret na kliniki ya kulipia iliyo katikati ya mji. Lori linapopoteza breki kati ya Salgaa na Sachangwan usiku wa manane, majeruhi hufikishwa bila kitambulisho, bila simu na bila ndugu. Huongezewa damu, hupelekwa chumba cha upasuaji, hulazwa katika wodi ya mahututi, na kwa siku kadhaa hakuna anayejua jina la kuandika kwenye dai. Hospitali ya binafsi inayong'ara kwa hesabu nzuri mara nyingi imeweka hesabu hizo nzuri kwa sababu mgonjwa huyo hakupelekwa kwake, au alizuiwa tu kuvuja damu na kuhamishwa alfajiri.

Ile sheria ya mwaka 2023 iliyoanzisha SHA iliunda pia mfuko wa dharura na magonjwa sugu, unaopata pesa zake kutoka hazina ya serikali badala ya michango, ili gharama za mgonjwa wa namna hiyo zisiiangukie hospitali iliyompokea. Mfuko huo ukipewa pesa za kutosha na ukalipa upesi, hospitali za umma za Nakuru, Kericho, Kisumu na Kakamega zinaweza kuanza kulinganishwa na majirani wao kwa haki. Usipolipa, hospitali hizo zitaendelea kuandika hasara kwa kazi ambayo wenzao wamefaulu kwa kutoifanya, na bodi zao zitaendelea kuulizwa kwa nini haziigi mfano wa jirani.